Walikufa Baada ya Kunywa Maji

Tarehe 4 Machi 1959, serikali ya mkoloni mjini Nairobi ilitoa taarifa fupi kuhusu wafungwa wa Mau Mau waliokufa siku iliyotangulia katika kambi ya Hola, karibu na mto Tana. Taarifa ilisema watu hao walikuwa katika kundi la watu kama 100 waliokuwa wakifanya kazi kwenye mifereji. Kisha ikaja sentensi ambayo nimeisoma mara nyingi kuliko sentensi nyingine yoyote ya Kiingereza: "The deaths occurred after they had drunk water from a water cart." Vifo vilitokea baada ya wao kunywa maji ya mkokoteni. Na taarifa ikaongeza kwamba mkokoteni huohuo ulitumiwa na wote, wafanyakazi pamoja na walinzi wao.

Isome tena polepole, kama karani anayekagua hesabu. Vifo vilitokea: ni kweli, watu walikuwa wamekufa. Maji: Hola ni nchi ya jua kali, na maji yalihitajika. Baada ya: saa ni saa, haina kosa. Ukilichukua kila neno peke yake, unaweza kulitetea. Lakini ukiyaweka pamoja unapata tukio ambalo halikutokea. Kilichotokea ni kwamba wanaume 85 waliokataa kazi ya lazima walitolewa kambini, wakapelekwa kwenye mfereji, na askari jela wakawapiga kwa virungu. Watu 11 walikufa. Wengine makumi waliumizwa vibaya.

Wanahistoria wameshaisimulia Hola, na wameisimulia vizuri. Mimi nataka kufuata kitu kidogo zaidi: ile njia ya Kiingereza ya kusimulia tendo bila kumtaja aliyelitenda. Kazi yangu ni kutafsiri, na njia hiyo nakutana nayo karibu kila siku mezani pangu. Imepita katika historia yetu ikiacha alama, na bado inatembea.

Tuanze na sarufi, na sitachukua muda mrefu. Aliyesoma Kiswahili katika shule za Kenya anaukumbuka mnyambuliko wa vitenzi, ile mistari ya kutenda, kutendea, kutendwa, kutendeka, iliyokuwa ikikaririwa darasani kama wimbo. Juma alivunja sahani. Sahani ilivunjwa na Juma. Sahani ilivunjika. Sentensi ya kwanza inamweka Juma mbele. Ya pili inaiweka sahani mbele, lakini Juma bado yupo, amesimama nyuma ya "na". Hata ukimwondoa na kusema tu "sahani ilivunjwa", ile "w" inabaki ikishuhudia kwamba kuna mkono uliofanya hivyo, na msikilizaji ana haki ya kuuliza: ilivunjwa na nani? Ya tatu ni kitu kingine kabisa. "Sahani ilivunjika" haina nafasi ya mtu. Huwezi kusema "ilivunjika na Juma". Sikio lenyewe linakataa. Kila mtoto aliyewahi kusimama jikoni mbele ya mama yake anajua ni sentensi gani kati ya hizo tatu ya kuchagua.

Kiingereza pia kina milango hii miwili ya kumtoa mtenda. Wa kwanza ni kauli ya kutendwa: "the plate was broken." Hapa unaweza kuongeza "by Juma" ukitaka, na usipotaka unanyamaza. Mlango umerudishwa tu, haujafungwa. Wa pili ni kitenzi kisichotaka mtu kabisa: "the plate broke", "the gun went off", "deaths occurred". Huo umefungwa kwa kufuli. Hauwezi kuongeza "by". Taarifa ya Hola ilipita mlango wa pili. Haikusema wafungwa waliuawa, wala haikusema walipigwa. Ilikifanya kifo kuwa nomino, "deaths", kisha ikaipa nomino hiyo kitenzi cha mvua na mafuriko. Vifo vilitokea, kama vile ukame hutokea.

Kuna shida moja inayonipata mimi mtafsiri, nayo yaonyesha jinsi lugha hizi mbili zinavyotofautiana. Kiingereza kikisema "the plate was broken", hujui kama kinasimulia tendo la kuvunja au hali ya sahani iliyo mezani. Maneno ni yaleyale. Kiswahili hakiniruhusu kukaa katikati. Lazima niamue: ilivunjwa au ilivunjika? Nikiona "the money was lost" katika ripoti, kidole kinasimama juu ya kibodi. Fedha zilipotea? Zilipotezwa? Au tuseme ukweli, ziliibwa? Kila chaguo ni hukumu ndogo, na mwandishi wa Kiingereza ameniachia mimi kuitoa.

Lakini tusiionee kauli ya kutendwa. Ina kazi nyingi za halali. "I was born in Kitui." Nilizaliwa Kitui. Hakuna anayeuliza "by whom", kwa sababu jibu linajulikana. "Rice is grown in Mwea." Mpunga hulimwa Mwea, wakulima ni wengi, na habari yenyewe ni mpunga. "My phone was stolen." Aliyeiba simjui, ningemjua ningekuwa kwake saa hii. Randolph Quirk na wenzake, waliotunga sarufi kubwa za Kiingereza katika karne ya 20, walikadiria kwamba takriban sentensi 4 kati ya 5 za kutendwa katika Kiingereza hazimtaji mtenda. Kwa hiyo kunyamaza ndiyo kawaida, na kutaja ndiko kwa nadra. George Orwell, katika insha yake ya 1946 kuhusu siasa na lugha, aliwaonya waandishi waiepuke kauli hii kila wanapoweza. Ushauri wake umewasaidia wengi, ila nadhani aliupiga mti mzima kwa sababu ya tawi moja lililooza. Nitarudi kwa hilo.

Hata hiyo "by" ina historia yake. Katika Kiingereza cha kale, mtenda aliletwa kwa maneno yaliyozaa "from", "through" na "of" za leo. "Of" ilidumu muda mrefu; bado imo katika Biblia ya King James ya 1611, mahali ambapo Mwingereza wa leo angesema "by". Taratibu "by" ikashinda. Na maana yake ya asili ni "kando ya", "karibu na". Mtenda ni yule aliyekuwa kando. Hebu tazama Kiswahili: neno tunalomletea mtenda ni "na", lilelile la "mimi na wewe", neno la kuwa pamoja. Lugha mbili zisizo na undugu zimemtafuta mhusika mahali pamoja: nani alikuwa pale, karibu na tendo? Basi ukiliondoa neno hilo dogo, unaondoa shahidi kwenye eneo la tukio.

Serikali ya kikoloni nchini Kenya ilikuwa serikali ya karatasi, na karatasi zake zilikuwa na mtindo. Chukua neno "alienated". Ardhi iliyotolewa mikononi mwa wenyeji ikapewa walowezi iliitwa "alienated land". Ni kitenzi cha kutendwa kilichogeuzwa kivumishi, kikabandikwa kwenye ardhi kana kwamba ni sifa yake ya kuzaliwa, kama vile tusemavyo ardhi nyekundu au ardhi tambarare. Imetengwa na nani? Neno limeshapita, swali limechelewa.

Au chukua "detainee". Ile "-ee" ya mwisho ilitoka Kifaransa, na kazi yake ni kumtaja mtu kwa jambo alilofanyiwa. "Employee" ni aliyeajiriwa, "detainee" ni aliyezuiliwa. Kiswahili hufanya hivyohivyo: "mfungwa" ana "w" ya kutendwa katikati ya jina lake. Lakini "employee" hutembea na mwenzake, "employer". "Detainee" alitembea peke yake miaka yote ya hali ya hatari. Maelfu kwa maelfu ya watu waliandikwa kwa jina hilo, na sijawahi kuona karatasi inayomwita mtu yeyote "detainer". J. M. Kariuki alipochapisha kumbukumbu zake za kizuizini mwaka 1963, aliliweka neno hilo kwenye jalada, "Mau Mau Detainee", kisha ndani akasimulia kama mtu mwenye macho na majina. Machi 1975 naye akawa kiima cha sentensi ya kutendwa. J. M. aliuawa, mwili wake ukapatikana Ngong. Bunge liliunda kamati, kamati ikaandika ripoti, na hadi leo hakuna aliyehukumiwa kwa kifo chake. Nusu karne imepita, na sentensi hiyo haijapata "na" yake.

Turudi Hola, kwa sababu kabla ya virungu kulikuwa na karatasi. Mpango wa kuwalazimisha wafungwa kufanya kazi uliandikwa na John Cowan, afisa wa magereza, na ukajulikana kwa jina lake. Ulieleza kwamba wafungwa wakikataa, watakuwa "manhandled to the site of work and forced to carry out the task". Neno "manhandled" ni la ajabu hapo. Ndani yake kuna "man", mtu, na kuna "hand", mkono. Mtu na mkono wote wamo ndani ya kitenzi, lakini kwenye sentensi hakuna mtu na hakuna mkono wa yeyote. Watasukumwa. Watalazimishwa. Na nani, kwa nguvu kiasi gani, na akiamriwa na nani, mpango hausemi. Asubuhi ile ya Machi, askari jela walilijaza pengo hilo kwa namna waliyoielewa.

Mtu anaweza kusema: aa, huo ni mtindo tu wa ofisi, Waingereza wote waliandika hivyo. Ingekuwa kweli kama wasingejua kuandika vingine. Lakini walijua. Mwaka 1957 mwanasheria mkuu wa koloni, Eric Griffith-Jones, alimwandikia gavana Evelyn Baring kuhusu kupigwa kwa wafungwa katika kambi za Mwea. Barua ilikuwa ya siri. Humo akaandika: "If we are going to sin, we must sin quietly." Ikiwa tutatenda dhambi, lazima tuitende kimyakimya.

Tazama sarufi ya sentensi hiyo. "We", mara mbili. Kitenzi ni cha kutenda, tena kimenyooka. Hakuna "sins may be committed", hakuna "dhambi huenda zikatokea". Mkuu wa sheria wa nchi nzima anaandika "sisi" bila kusita, kwa sababu anayesoma ni mmoja wa hao sisi. Kumbe walijua vizuri nani alikuwa kiima. Sarufi ya kutendwa ilikuwa vazi la kutokea nje. Ndani ya nyumba walizungumza kama watu wengine wote, na miaka miwili baadaye, walipolazimika kusema na ulimwengu kuhusu Hola, yule "we" hakuonekana tena. Palibaki vifo na mkokoteni wa maji.

Uongo wa maji haukudumu. Uchunguzi wa maiti ulionyesha majeraha ya kipigo, na hakimu W. H. Goudie, aliyeendesha uchunguzi wa vifo hivyo, alikubali kwamba watu wale walikufa kwa sababu ya kupigwa. Hapo vifo vikatoka mlango wa pili vikarudi mlango wa kwanza: kutoka "walikufa" hadi "waliuawa". Lakini vilikwama hapohapo. Hakimu aliona haiwezekani kuthibitisha ni pigo la nani lililomuua nani. Hakuna aliyeshtakiwa kwa mauaji. Sentensi ilikuwa imepata "w", ikakosa "na".

Bungeni London suala lilifika usiku wa tarehe 27 Julai kuamkia 28, mwaka 1959. Barbara Castle wa chama cha Labour alikuwa miongoni mwa waliolishikilia. Aliyewashtua wengi, hata hivyo, ni Enoch Powell, mbunge wa chama tawala na mtu ambaye miaka michache baadaye angejulikana kwa maneno makali dhidi ya wahamiaji. Usiku ule alisimama dhidi ya serikali ya chama chake. Hoja yake, ukiivua mapambo, ilikuwa ya kisarufi: mpango uliidhinishwa, basi ulikuwa na mwidhinishaji, na wajibu hauwezi kuelea hewani bila mtu wa kuubeba. Alikuwa akiuliza "by whom?" Hakuna waziri aliyejiuzulu.

Tusidhani ni ugonjwa wa wakoloni pekee. Wamarekani wana sentensi yao maarufu, "mistakes were made", makosa yalifanyika. Rais Ulysses Grant aliikaribia mwaka 1876, katika ujumbe wake wa mwisho wa mwaka kwa Kongresi, aliposema makosa yamefanywa kama kila mtu aonavyo, ila angalau aliongeza kwamba yeye mwenyewe anakiri. Ronald Reagan aliitumia Januari 1987 kuhusu silaha zilizouzwa Iran: "serious mistakes were made." Mchambuzi wa siasa William Schneider aliitania sentensi hiyo kwa kuipa jina kama la darasani, "past exonerative", tuseme wakati uliopita wa kujitakasa. Na angalia nilivyoitafsiri juu hapo: "makosa yalifanyika." Hivyo ndivyo tunavyoisikia redioni na kwenye mikutano ya waandishi wa habari hapa kwetu. Kiingereza kimetumia kauli ya kutendwa, mlango uliorudishwa tu. Sisi tumeitafsiri kwa kutendeka, mlango wa kufuli. Tumewazidi.

Sasa nirudi kwa Orwell na lile tawi lililooza. Mwaka 2009 wazee watano wa Kenya waliishtaki serikali ya Uingereza katika mahakama kuu ya London kwa mateso waliyoyapata wakati wa hali ya hatari. Mmoja wao alikuwa Wambugu wa Nyingi, ambaye alikuwa Hola siku ile na alipigwa hadi akazirai. Jane Muthoni Mara na Paulo Nzili walikuwa wenzake. Fikiria ushahidi wa watu kama hao unavyokuwa. Nilikamatwa. Nilifungwa. Nilipigwa. Ni kauli ya kutendwa mwanzo hadi mwisho. Mwalimu wa uandishi mwenye kalamu nyekundu angeandika pembeni: tumia kauli ya kutenda! Angekuwa amekosea. Aliyeteswa anaposema "nilipigwa", anajiweka yeye mwanzoni mwa sentensi. Yeye ndiye habari. Anayestahili kusimama mbele hapo ni yule ambaye kwa miaka 50 alikuwa nambari kwenye faili, wala si askari jela. Kauli ileile iliyomficha mpigaji katika mpango wa Cowan ndiyo inayomtokeza mpigwa mahakamani. Kwa hiyo kosa haliko katika "w". Tatizo ni kile kinachofuata: je, anayezungumza yuko tayari kujibu "na nani?" Wazee wale walikuwa tayari. Walijibu hadi majina ya kambi.

Oktoba 2012 jaji McCombe aliamua kwamba kesi ya watatu hao inaweza kusikilizwa ingawa miaka mingi imepita. Serikali ya Uingereza ikachagua kuafikiana. Tarehe 6 Juni 2013 waziri wa mambo ya nje, William Hague, alisimama bungeni akatangaza malipo ya jumla ya pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwemo, kwa walalamishi 5,228. Na akasoma sentensi ambayo naamini mawakili waliipima neno kwa neno. Serikali inatambua, alisema, "that Kenyans were subject to torture and other forms of ill treatment at the hands of the colonial administration."

"At the hands of." Mikononi mwa. Baada ya miaka 54 mikono ilirejea kwenye sentensi. Silidharau hilo, wazee walilitafuta kwa jasho, na wengine walikufa njiani. Lakini tazama ni mikono ya nani: ya utawala wa kikoloni, mwili ambao ulikuwa umekwisha kufa na hauwezi kuitwa kizimbani. Katika taarifa hiyohiyo Hague alisema serikali yake bado inakana kubeba dhima ya matendo ya utawala huo. Na sentensi iliyofuata ilisikitika kwamba "these abuses took place". Maovu haya yalitokea. Tumerudi kwa kitenzi cha mvua.

Miaka kumi baadaye, tarehe 31 Oktoba 2023, mfalme Charles alisema katika dhifa ya Ikulu, Nairobi: "There were abhorrent and unjustifiable acts of violence committed against Kenyans." Kulikuwa na vitendo vya kuchukiza vya ukatili, visivyo na udhuru, vilivyotendwa dhidi ya Wakenya. Vivumishi ni vizito na sina shaka vilimtoka kwa uzito. Lakini sarufi imepiga hatua moja nyuma kuliko ya Hague. "There were", kulikuwa na. "Committed", vilivyotendwa. Ile "at the hands of" ya 2013 imeanguka njiani. Waliofanyiwa wametajwa, waliofanya hawakutajwa.

Na sisi wenyewe je? Tarehe 26 Machi 2015, rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi bungeni kwa niaba yake, ya serikali yake na ya serikali zote zilizotangulia, kwa makosa yote ya zamani, na akatangaza mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa waathiriwa. Kiima cha ombi lake kilikuwa wazi, ni "mimi", na hilo ni jambo ambalo London hawajalifikia. Ila makosa yenyewe yalibaki kuwa nomino tupu. Makosa ya nani, kwa amri ya nani, mwaka gani, hayo yaliachwa ndani ya ripoti. Mtu anaweza kuomba radhi kwa kauli ya kutenda na bado akaacha tendo bila mwenyewe.

Mambo haya hayaishii kwa marais na wafalme. Niliwahi kufuatilia faili ya shamba la familia katika ofisi moja ya umma. Barua niliyojibiwa ilikuwa ya Kiingereza, mstari mmoja: "The file cannot be traced." Nilipokwenda mwenyewe, karani aliniambia kwa Kiswahili safi, bila kuinua macho: "Faili haionekani." Mkenya yeyote aliyepanga foleni anaijua hiyo. Katika Kiingereza cha barua angalau kuna mtu, mahali fulani, aliyejaribu kutafuta akashindwa. Katika Kiswahili cha karani hakuna mtafutaji kabisa. Faili yenyewe ndiyo imeamua kutoonekana. Nilimuuliza, "Imetafutwa na nani?" Akainua macho. Faili haikupatikana siku hiyo, lakini kwa mara ya kwanza mle ndani alikuwepo mtu.

Kuna hasara nyingine ambayo huwa tunaisahau tunapowinda wakosaji. Sentensi isiyo na mtenda huwaficha pia waliojenga. Soma vitabu vya jiografia: uwanja wa ndege wa Embakasi ulijengwa miaka ya 1950, ukafunguliwa 1958. Mifereji ya Mwea ilichimbwa miaka hiyohiyo. Ulijengwa, ilichimbwa. Na nani? Na wafungwa wa Mau Mau, kwa kazi ya lazima. Ile sentensi yangu isiyo na hatia, "Rice is grown in Mwea", imesimama juu ya mifereji yenye "na" iliyofukiwa. Tukiwa kwenye ndege inayotua Nairobi, tukiwa mezani na sahani ya pishori, tunakula na kutembea juu ya vitenzi vya kutendwa. Kumtafuta mtenda kuna faida mbili: kunamleta mwenye hatia, na kunamrudishia mwenye jasho jina lake.

Siku hizi nimejiwekea taratibu mbili kazini. Ya kwanza, nikikuta kauli ya kutendwa ya Kiingereza, naitafsiri kwa kutendwa, kamwe si kwa kutendeka, isipokuwa jambo lenyewe kweli halina mtu. "Were killed" ni waliuawa. Siigeuzi kuwa "walipoteza maisha", maana maisha hayapotei kama funguo. Ya pili, nikifika mahali "by" inapopaswa kuwa na haipo, simtungii mtenda, kwa kuwa sijui. Naandika: taarifa haikusema na nani. Wahariri wengine hulifuta hilo wakisema linarefusha makala bure. Wengine huliacha. Likiachwa, msomaji analiona pengo kwa macho yake, na pengo linaloonekana ni rahisi kuuliza habari zake kuliko lililopakwa rangi.

Kesho asubuhi redio itasema watu kadhaa wamefariki katika purukushani, au risasi zilifyatuka, au mabilioni yalipotea. Msomaji, huna haja ya digrii ya isimu. Swali lenyewe ni la maneno mawili, na tulifundishwa tukiwa darasa la nne.